Papa wa Tanga na Maziwa ya Bibi

Juzi nimeshuka kutoka shule, likizo ya kidato cha tatu, sanduku la bati kichwani, nikakatiza sokoni Shinyanga ili nifupishe njia. Nilikosea. Mchuuzi mmoja alikuwa ndiyo kwanza anafungua gunia la papa mkavu, na ile harufu ikanikamata kama askari. Kama hujawahi kunusa papa mkavu, rafiki yangu, sijui nikueleze vipi. Chukua choo cha stesheni siku ambayo maji yamekatika, kitie chumvi, kianike juani wiki mbili. Umeshaelewa. Akina mama wenye asili ya pwani walikuwa wameinamia gunia wakichagua vipande kama wanaochagua khanga, mmoja anakisogeza kipande puani kabisa, anavuta, anatabasamu. Mimi nilisimama pale nimejiziba pua kwa mkono wa shati, na bado sikutaka kuondoka. Maana kwa harufu hiyohiyo nilikaribia kuiona bahari, na kwa ulimi wangu mwenyewe nikaikosa.

Nilikuwa darasa la tano. Ilikuwa miaka ile ambayo kipande cha sabuni kilipangiwa foleni tangu alfajiri, na ukikipata unakificha kuliko cheti cha ubatizo. Nyumba yetu ilitazamana na nyumba za reli, na jirani yetu wa mbele alikuwa karani wa stesheni, mtu wa Tanga. Kila mtu alimwita Karani, hata mkewe, na mkewe sisi tukamwita Mama Karani. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, rika langu, niliyekaa naye dawati moja na kuchapwa naye kwa makosa yaleyale.

Karani alikuwa mtu safi kupita kiasi. Shati jeupe, kalamu mfukoni, kucha kama za bibi harusi. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni Tanga. Treni ya mizigo ikishapita jioni, anatandika mkeka barazani, Mama Karani analeta birika la kahawa chungu na kashata, na sisi watoto tunajisogeza kwa ajili ya kashata. Bei ya kashata ilikuwa kumsikiliza.

Angeanza hivi: "Mimi nikiwa kwetu, mtani, sina haraka." Alizoea kuniita mtani, kwa kuwa Wasukuma na watu wa pwani wanataniana tangu zama za misafara, na mtani wako unaweza kumwambia lolote usoni akacheka. Nikiwa kwetu, anasema, naamka, napanda baiskeli taratibu mpaka Raskazone, naingia baharini kabla sijanywa hata chai. Nikitoka, chumvi imenikauka mwilini, siogi tena, naenda hivyohivyo. Mimi nilikuwa nafikiria samaki wote wa dunia wanaojisaidia mle ndani, na mtu huyu wa kucha safi anatoka humo amefurahi, haogi.

Kisha supu ya pweza. Yuko mzee anaipika njiani, watu wanasimama wanakunywa kwa kikombe cha bati. Pweza sikuwa namjua. Karani akatoa kalamu, akamchora nyuma ya karatasi ya mizigo: mfuko, na miguu minane, na kila mguu una vidonda vya duara vinavyonyonya.

"Mifupa yake iko wapi?" nikauliza.

"Hana."

"Na mdomo?"

"Huu hapa. Katikati ya miguu."

Nikaiweka kashata chini. Lakini yeye alikuwa ndiyo kwanza amepata moto. Kuna chaza, wanaliwa wabichi na ndimu, huhitaji kutafuna, wanateleza wenyewe. Kuna mapango ya Amboni, unaingia na kurunzi, juu yako popo kama matunda, chini yako mavi yao laini kama uji. Na karibu na hapo kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, yananuka mayai viza hata kabla hujayaona, na watu wazima, waliosoma, wanavua nguo wanakaa ndani mpaka shingoni wakishukuru Mungu. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyapenda. Hakutaja hata kimoja ambacho hakikunitia kichefuchefu.

Na nilitaka vyote. Hicho ndicho siwezi kukufafanulia vizuri. Maji niliyokuwa nayajua mimi ni lambo la kijijini, la rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wanaingilia huku sisi tunachotea kule. Hata ziwa la Mwanza nilikuwa nalisikia tu. Nililala nikimwaza pweza, nikaamka nikimwaza pweza. Nilimchora kwenye daftari la hesabu, mwalimu akanichapa, nikamchora tena na sura ya mwalimu.

Basi mwaka huo likizo ya Karani ikakaribia. Watu wa reli walikuwa na pasi ya kusafiri, yeye na mkewe na watoto wa nyumba yake, na nyumba yake ilikuwa na mtoto mmoja tu. Jioni moja akanitazama, akasema, "Tukimwandika huyu mtani naye, nani atauliza? Mwanangu apate mwenzake."

Mama Karani alicheka mpaka akashika mbavu. "Msukuma huyu? Atakula nini kule kwetu? Michembe haioti Tanga, ati." Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, chakula chetu, yeye alikuwa anasema vinafaa kufukuzia nyoka.

"Tumjaribu," Karani akasema. "Akimaliza sahani ya papa, anapanda treni."

Papa mwenyewe alikuwa amefika juzi yake ndani ya kifurushi kutoka kwa mama mzaa Karani, pamoja na nazi. Jumamosi nikaitwa. Nilimsikia kabla ya kuufikia mlango. Mama Karani alikuwa amemroweka, amemchemsha, amemwaga maji, amemtia tui zito na pilipili mbuzi, na yote hayo yalikuwa kama kumfukizia udi nguruwe. Akaniwekea wali, juu yake vile vipande vya kijivu vyenye nyuzinyuzi kama kamba ya katani iliyooza. Mvuke ukanipiga macho yakatoka machozi. Nasema kweli, ulikuwa ni mkojo. Sisemi kwa kutukana chakula cha watu, nasema kwa kuwa mkojo mimi naujua, na utaona baadaye kwa nini.

"Kula mwanangu, huyu ndiye papa khasa," Mama Karani akasema, huku amekaa mbele yangu kama msimamizi wa mtihani. Mwanawe alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilikula kama ninavyomeza dawa ya malaria: nafunga pumzi, natupa kooni, nafuatishia wali. Kipande cha tatu kilikwama katikati, kikakaa, kikafikiri, kikaamua kushuka. Sahani ikaisha. Nikasema asante. Nikatembea polepole mpaka nyuma ya tangi la maji la stesheni, nikavirudisha vyote ardhini, vikiwa bado vina nguvu. Hata ng'ombe aliyekuwa anapita alisogea pembeni.

"Msukuma analia kwa kitoweo," nilimsikia Mama Karani akimwambia jirani kesho yake. "Hawajazoea vitu vizuri, masikini." Neno hilo lilinikaa. Sikulisema kwa mtu, lakini lilinikaa.

Baba alikubali niende, ila kwa sharti la kwetu: mtoto hapelekwi mbali mpaka bibi yake amwone kwa macho yule anayemchukua. Kwa hiyo ikapangwa kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya safari, Karani na watu wake wapande lori la pamba waje kwa Bibi, kijijini, upande wa Mhunze. Mimi nikatangulia siku moja.

Sasa nikwambie habari za Bibi na vibuyu vyake. Bibi alikuwa na ng'ombe, na maziwa yake ya mgando yalikuwa na sifa vijiji vitatu. Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji. Maji yetu yangeyaharibu. Kinasuuzwa kwa mkojo wa ng'ombe ulio moto, unaotoka saa hiyohiyo, unatikiswa, unamwagwa. Kisha Bibi anatia ndani kijinga chenye makaa, cha mti anaouchagua mwenyewe, anakitikisa mpaka moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu. Ndipo maziwa yanaingia. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake, na hakuna aliyekufa.

Na nani alikuwa anakinga huo mkojo kila likizo? Mimi. Alfajiri unasimama nyuma ya ng'ombe na kata mkononi, unamtazama mkia. Ukiinuka unaruka. Ukichelewa unakosa, ukiwahi mno anakupa kitu kingine kabisa, hicho nacho cha moto. Nimeshawahi kupata vyote viwili usoni. Jumapili hiyo niliruka vizuri, sikumwaga hata tone, Bibi akaniambia wabeja, yaani asante, na alikuwa hatoi asante ovyo.

Wageni wakafika saa sita, wamejaa vumbi na nyuzi za pamba kwenye nywele. Karani akatoa shikamoo ya heshima mpaka chini. Bibi Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Akamtazama Karani kuanzia viatu mpaka kalamu, akaniambia kwa Kisukuma, "Huyu ana mikono ya mwanamke lakini macho yake ni ya mtu mzima. Nenda naye." Nikatafsiri nusu ya pili.

Yakaletwa maziwa. Karani akaonja kwa adabu. Akatulia. Akanywa. Akaomba tena, akanywa, na bakuli la tatu akalishika kwa mikono yote miwili. Mama Karani naye hakubaki nyuma, tena alilamba mdomo wa bakuli.

"Mtani," Karani akasema, "hapa nimeshindwa. Tanga hatuna kitu hiki. Kina moshi fulani, na nyuma ya moshi kuna kama chumvichumvi, sijui niseme nini. Hebu muulize Bibi siri yake."

Nikamuuliza. Bibi akacheka kidogo. Alijua wageni wanatoka wapi. Akasema, taratibu kabisa, "Mwambie ni moshi wa mti. Ishia hapo."

Rafiki yangu, ningeishia hapo, leo ningekuwa nakuandikia mambo mengine. Bibi alishanifunga mdomo kwa upole. Pasi ilishaahidiwa. Lakini nilimtazama Mama Karani, na yale maziwa meupe juu ya mdomo wake, na nikamkumbuka akisema masikini. Halafu nilijiambia ni utani tu, na mtani hakasiriki. Nikafungua kinywa.

"Bibi anasema ni moshi wa mti," nikasema. "Lakini hajamaliza. Kabla ya moshi, kibuyu kinaoshwa na mkojo wa ng'ombe. Nimeukinga mimi mwenyewe leo asubuhi. Papa wenu ananuka mkojo, maziwa yetu yameoshwa na mkojo, kwa hiyo sasa sisi ni ndugu."

Nilingoja kicheko. Kilikuja kimoja, cha mwana wa Karani, maziwa yakamtokea puani. Wengine hawakucheka. Mama Karani alivuta khanga akajiziba mdomo, akainuka hivyohivyo, akazunguka nyuma ya jiko, na huko tukamsikia. Karani alikaa kidogo zaidi. Aliweka bakuli chini bila kelele, akalisogeza mbali naye kidogo, akafuta vidole kimoja kimoja kwa leso. Kisha akatembea, bila kukimbia, mpaka kwenye ua wa minyaa, akauegemea kwa mkono mmoja akitugeuzia mgongo. Ule mgongo wa shati jeupe ulikuwa unapanda na kushuka. Mabakuli matatu, bwana. Yalichukua muda. Kuku wakaja, na sitakwambia kuku walifanya nini.

Aliporudi alikuwa amejifuta uso na kalamu yake iko palepale. "Tumeshukuru, Bibi," akasema. "Lori lisije likatuacha." Hakunitazama. Hakuniita mtani.

Bibi hakuhitaji mkalimani kwa hayo. Walipokwisha kuondoka akaniuliza nimewaambia nini. Nikamwambia. Nilitegemea fimbo. Yeye alichukua kibuyu, akamwagia mbwa maziwa yote yaliyobaki, akakaa nacho mapajani.

"Tangu niolewe hapa hakuna mgeni aliyetoka kwangu na tumbo tupu," akasema. "Leo wametoka na tumbo tupu kuliko walivyokuja."

Siku ya safari nilikwenda stesheni hata hivyo. Baba hakuwa na habari yoyote, kwa kuwa mimi sikumpa. Nilikuwa na kaptura ya shule iliyopigwa pasi, na nguo zangu nimezifunga kwenye shuka. Treni ya kutoka Mwanza ilikuwa imeshaingia, watu wanapandisha matenga ya kuku kwa madirisha. Karani alikuwa mlangoni mwa behewa, shati jipya, pasi mkononi, na nilipofika karibu akaikunja akaitia mfukoni. Nikaona kwamba nimeshajibiwa, lakini mimi ni mtu wa kusimama mpaka niambiwe.

Akashuka ngazi moja. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonichoma. "Bwana mdogo," akasema, "safari ni siku tatu. Kwenye behewa watu wanakula sahani moja. Mke wangu hawezi tena kula na wewe. Nimejaribu kumsemesha." Akatazama kucha zake. "Na mimi pia siwezi. Ningekudanganya."

Filimbi ikapigwa. Mwana wa Karani alikuwa dirishani, amenibonyezea uso kwenye kioo mpaka pua ikawa bapa kama ya nguruwe, kunichekesha. Nilicheka, ili asije akajua.

Karani aliporudi alinisalimia kama anavyomsalimia mtoto yeyote. Mkeka wa jioni ukahamia ndani. Mwaka uliofuata wakahamishwa kwenda kwenye stesheni nyingine, mbali, na nyumba yao akaingia mtu anayefuga bata, basi, kazi yake ni bata. Wamejaza baraza ile kinyesi cha kijani mpaka huoni saruji. Nimepita hapo juzi na sanduku langu, nikanyanyua miguu kama korongo.

Na Bibi yupo, amezeeka, ila vibuyu vyake siku hizi anaviosha kwa sabuni. Alianza wiki ileile. Kile kipande cha sabuni ambacho Baba alimpelekea kwa ajili ya kufulia, akakikata nusu, na nusu ile ikaenda kwenye vibuyu, na wakati ule wa foleni hiyo ilikuwa kama kuosha vyombo kwa fedha. Wageni anawapa chai ya rangi. Mimi ananipa maziwa, na nikiyanywa povu linanijia puani na harufu ya soksi zilizofuliwa, na inabidi nimalize maana ananitazama. Hanitumi tena kusimama nyuma ya ng'ombe. Nimemwambia mara mbili kwamba nitakinga, hata sasa, kidato cha tatu na ndevu zangu nne. Anasema maji yanatosha. Hakuna mtu kijijini atakayeijua tena ile ladha, na aliyeifuta ni mimi kwa sentensi chache.

Lakini nimeruka kitu kimoja. Siku waliyorudi kutoka Tanga, mwana wa Karani alikuja nyuma ya nyumba yetu akinyatia, amekuwa mweusi anang'aa, ngozi ya mabega inambanduka kama karatasi. Alitoa chupa ndani ya shati. Chupa ya mafuta ya taa, imezibwa kwa gunzi la muhindi.

"Nimekuchotea bahari mwenyewe," akasema. "Nimeificha kwenye viatu vya Baba njia nzima."

Siku tatu ndani ya treni, na siku nyingine za kungoja kabla ya hapo. Tulipoling'oa gunzi, tulirudi nyuma wote wawili. Ilikuwa inanuka mafuta ya taa, na yai, na kidonda. Chini kulikuwa na utelezi wa kijani, na ndani ya utelezi kimdudu kimoja chenye miguu mingi, kimekufa kimejikunja. Mwana wa Karani akaona aibu. Akasema kule haikuwa hivyo, kule ilikuwa safi mpaka unaona vidole vya miguu. Akataka kuimwaga.

Nikakinga kiganja, akanimiminia kidogo, nikanywa. Chumvi ilinikaba kooni, ile harufu ikapanda nyuma ya pua, utelezi ukakataa kuteremka. Nikainama nikatapika juu ya vidole vyangu mwenyewe, machozi na kamasi vinashuka pamoja, na yeye ananipiga mgongoni akisema basi, basi, imwagwe.

Nikajipangusa kwa mkono wa shati. Nikakinga kiganja tena.